Kiti Ndani ya Chandarua

Kazi yangu ni kukaa.

Watu wakiniuliza nafanya nini kwenye kituo cha mbu, nawaambia nafagia, kwa sababu kufagia kunaeleweka. Na kweli nafagia. Lakini siku ya maonyesho naweka ufagio pembeni, navua viatu, nakunja mikono ya gauni mpaka juu ya viwiko, naingia ndani ya chandarua kikubwa kama chumba na kukaa kwenye kiti cha plastiki. Kisha wanafungulia mbu.

Siku niliyokwenda kuomba kazi, Mtaalamu anayesimamia kituo aliniuliza nimesoma mpaka wapi. Nikamwambia darasa la tano, sikumaliza. Akaandika. Akaniuliza kama nina uzoefu wowote. Nikanyamaza. Akaniuliza kama naweza kuongea mbele ya watu. Nikanyamaza zaidi. Akaweka kalamu chini, akanitazama kwa muda, akasema, "Dada, unaweza kukaa hivyo hivyo kwa saa nzima?"

Nikaweza. Walionitangulia hawakudumu. Mmoja alikuwa akicheka kila mbu akitua shingoni mwake. Mwingine alikuwa akibishana na watu walioko nje, mpaka mbu akamwingia mdomoni, maonyesho yakaishia hapo. Mimi huwa sina la kusema, kwa hiyo mdomo wangu unakuwa umefungwa muda wote.

Mbu wenyewe si wa kawaida. Ni wakubwa, kiasi kwamba mtu akimwona mmoja ukutani kwa mara ya kwanza hutafuta kiatu. Wana rangi ya buluu inayong'aa kama mafuta yaliyomwagika kwenye dimbwi, na mdomo wao umepinda kuelekea chini kama mpini wa mwavuli. Kwa mdomo ule hawawezi kutoboa ngozi ya mtu hata wangetaka. Wanakunywa maji matamu ya maua, na kituoni tunawawekea pamba iliyolowekwa maji ya sukari. Ila watoto wao, wale viluwiluwi wanaoishi majini, ni balaa. Wanakula viluwiluwi wa mbu wengine. Wanakula hata ndugu zao. Ukiweka wawili kwenye kikombe kimoja, kesho unakuta mmoja, naye kanenepa. Ndiyo maana kila mmoja ana kikombe chake, na rafu zetu zimejaa vikombe utadhani tunangoja wageni.

Asubuhi tunawalisha. Chakula chao ni viluwiluwi wadogo wa mbu wa kawaida, wale weusi wenye miguu ya pete nyeupe, wanaouma mchana. Hao nao tunawafuga, kwenye chumba kingine chenye milango miwili. Yaani tunafuga mbu wabaya ili tuwalishe mbu wazuri. Nilipomweleza shangazi yangu habari hii, aliacha kukata tairi akanigeukia.

"Kwa hiyo hapo tajiri wenu ni nani? Mbu?"

"Hapana, shangazi."

"Nauliza tu. Maana naona wao ndio wanaoletewa chakula mezani."

Shangazi anatengeneza viatu vya matairi. Ndiye aliyenilea tangu nilipoacha shule, na mara yangu ya kwanza kushika kisu, mkono wangu uliongozwa na wake. Uani kwake kuna mlima wa matairi uliopita ukuta kwa kimo. Si yeye peke yake. Mtaa wetu wote ni matairi. Kuna wanaoyauza, kuna fundi pancha anayeyaziba, kuna wanaoyafanya vitanda vya maua, na kuna yaliyolala tu kando ya njia, hakuna anayejua ni ya nani. Tairi lina tabia moja. Mvua ikinyesha, linashika maji, na uligeuze utakavyo, maji yanahamia upande wa pili. Ukilisimamisha, yanashuka chini. Ukililaza, yanatulia. Mbu wa pete nyeupe anapenda maji ya tairi kuliko ya bahari na mito yote.

Mwaka jana shangazi alipata kidingapopo, homa inayoletwa na hao mbu wa mchana. Alilala kitandani, macho yanamuuma, mifupa inamuuma, hata shuka ilimuuma. Majirani walikuja kuuliza hali. Hawakuwa wameambiwa kwamba anaumwa. Walikuja kwa sababu walikuwa hawamsikii.

Alipopona, daktari alimweleza taratibu. Ugonjwa huu una aina nne. Ukiumwa na aina moja, hiyo haikurudii, lakini aina nyingine ikikukuta, hali inaweza kuwa mbaya kuliko mara ya kwanza. Damu inaweza kutoka mahali pasipotakiwa. Wapo wanaokufa.

"Kwa hiyo, mama," daktari akasema, "jitahidi usiumwe tena na mbu."

"Nimekuelewa," shangazi akajibu, akarudi nyumbani, akakaa katikati ya matairi yake.

Nilijaribu kumwambia ayaondoe. Yaani nilipanga kumwambia. Nilianza siku moja, nikasema, "Shangazi, haya matairi," akasema, "Yana nini?" nikasema, "Ni mengi." Akasema ndiyo, Mungu amembariki. Mazungumzo yakaisha.

Basi Mtaalamu alipotangaza kwamba msimu huu vikombe vyetu vitapelekwa kwenye mtaa mmoja tu, na kwamba anafikiria mtaa wenye matairi, niliacha kufagia. Samaki wanaokula viluwiluwi hawakai ndani ya tairi. Moshi wa dawa haufiki ndani ya tairi. Lakini mbu mkubwa anaingia mwenyewe, anataga mwenyewe, na watoto wake wanafanya kazi bila kusimamiwa. Sharti lilikuwa moja. Mtaa ukubali. Wakikataa, vikombe vinakwenda mtaa mwingine, na mvua zilikuwa zimekaribia.

Jioni hiyo nilimkuta shangazi anaosha vyombo, jambo analolifanya akiwa na hasira.

"Nimesikia mnakuja kwetu," akasema.

"Ndiyo, shangazi."

"Miaka yote mnatuambia tumwage maji, tumwage maji. Tumemwaga mpaka migongo imekufa. Leo mnatuletea mbu kwa vikombe."

"Hawa hawaumi."

"Nani kasema?"

"Mtaalamu."

"Kawauliza?"

Nikachukua kitambaa, nikaanza kufuta sahani. Alinipa moja, akanipa nyingine, kisha akasema bila kunitazama, "Na kesho utakaa humo ndani, watu wote wanakukodolea macho?"

"Ndiyo."

"Wewe? Wewe ambaye ukitumwa dukani unasubiri mpaka wateja wote waondoke ndipo ununue chumvi?"

"Humo siongei, shangazi. Nakaa tu."

Akafikiri. "Hapo kweli wamepata mtu," akasema.

Chandarua kilifungwa kwenye uwazi ulio mbele ya banda la fundi pancha, kamba mbili kwenye banda, mbili kwenye nguzo. Watu walijaa kuliko mitaa mingine yote niliyowahi kukaa, na hawakukosa viti, kwa sababu kila mtu alivuta tairi akakalia. Mwenyekiti wa mtaa aliletewa tairi la lori, kwa heshima. Shangazi alikaa mbele kabisa, kisu chake cha kazi mapajani, akiendelea kuchonga soli. Alisema hakuja kuangalia, amekuja tu kufanyia kazi hapo.

Niliingia, nikakaa, nikaweka mikono juu ya magoti. Mtaalamu akaingiza kizimba cha waya, akakifungua, akatoka haraka na kuubana mlango wa chandarua. Mbu wakubwa wakatoka polepole kama wazee wanaotoka kwenye mkutano. Mmoja akatua mkononi mwangu. Mmoja gotini. Wengine wakatawanyika kwenye kuta za chandarua, jua likawapiga, wakang'aa buluu.

Watu wakaguna.

"Huyo si mbu," fundi pancha akasema. "Huyo ni kuku."

"Akikuuma huyo, unaongezewa damu siku hiyo hiyo," mwingine akadakia.

"Binti wa watu! Mama viatu, mtoe mpwa wako humo!"

"Mwacheni," shangazi akasema, akichonga. "Yuko kazini."

Mtaalamu akaanza maelezo yake. Anaongea vizuri, ila hajui kuacha. Alieleza mdomo uliopinda. Alieleza viluwiluwi. Alionyesha kikombe, akamwaga humo viluwiluwi wadogo, na watu wa mbele wakaona yule mkubwa akimkamata mmoja na kummeza taratibu kuanzia mkiani. Hapo mtaa ulipiga makofi. Fundi pancha akatangaza kama mtangazaji wa mpira: "Amemchukua! Beki kalala! Hakuna mwamuzi!" Mwenyekiti mwenyewe alitabasamu. Niliona mambo yanakwenda vizuri.

Ndipo nikahisi kitu kwenye ugoko wa mguu wa kulia, chini kidogo ya goti.

Nikashusha macho bila kushusha kichwa. Alikuwa mdogo. Mweusi. Miguu ya nyuma ameinyanyua juu, na kwenye kila mguu pete nyeupe, moja baada ya nyingine. Tumbo lake lilikuwa linageuka jekundu.

Najua jinsi anavyoweza kutokea. Mbu mkubwa akiwa bado kiluwiluwi, siku zake za mwisho majini huwa anaua hata asipokuwa na njaa. Anaua anaacha. Kwa hiyo siku hizo hatuhangaiki kutafuta mabaki kwenye kikombe, tunajua atakuwa ameshamaliza kila kitu. Labda mara moja alikuwapo mmoja ambaye hakumaliza. Mdogo akabaki amejikunja chini ya kikombe, akageuka mbu kama mwenzake, akahamishiwa kizimbani na wakubwa. Huyo hana ugonjwa, kwa kuwa kazaliwa kwetu na hajawahi kuonja mtu. Huyo ni njaa tu.

Lakini pia anaweza kuwa aliingia mlango ulipofunguliwa. Huyo atakuwa ametoka kwenye matairi, na hakuna anayejua kabla yangu alikuwa kwa nani.

Wote wawili wana pete nyeupe. Huwezi kuwatofautisha kwa kuwatazama, hata ukiwa Mtaalamu.

Nilichoweza kufanya ni kile nilichoajiriwa kufanya. Nilikaa. Nikimpiga, watu wataona nimempiga mbu, na nani ataangalia ukubwa wake? Watasema binti kaumwa. Mwenyekiti atainuka kwenye tairi lake, vikombe vitarudi kwenye gari, na mvua zitamkuta shangazi palepale. Kwa hiyo nilimwacha anywe. Alipomaliza aliruka, akazunguka, akatua kwenye kifundo cha mguu wa kushoto, akaanza tena. Wapo wasioshiba mara moja.

Muwasho wa mbu wa mchana hauji kwa kishindo. Unaanza kama mtu anayekuita kwa jina kutoka mbali. Unajifanya husikii. Anasogea. Mimi nilikaza macho kwenye paa la banda la fundi pancha, nikahesabu mabati.

"Maswali?" Mtaalamu akauliza.

"Mimi sina swali," shangazi akasema. Alikuwa ameacha kuchonga. "Nina jambo. Huyo mtoto anawashwa."

"Hapana, mama. Kama unavyoona, ametulia kabisa."

"Wewe unamtazama uso. Uso wake hauna habari hata nyumba ikiungua. Mtazame kidole gumba cha mguu."

Mtaa mzima ukatazama kidole gumba changu cha mguu. Kilikuwa kimejipinda juu, chenyewe, na kilikuwa kinacheza. Nikakishusha. Kikapanda.

"Tangu mdogo," shangazi akawaeleza majirani. "Alipopata tetekuwanga hakulia hata siku moja. Ila hicho kidole hakikulala."

"Kidole kimeshuhudia!" fundi pancha akapiga kelele. "Kidole kimetoa ushahidi!"

Watu wakacheka, lakini kicheko kilikuwa cha aina nyingine. Mwenyekiti akasogea mbele ya tairi lake. Mtaalamu akaja karibu na chandarua, akaninong'oneza, "Dada, uko sawa?" Nikaitikia kwa kichwa kwamba niko sawa. Yule mdogo alikuwa ameondoka kifundoni. Nilikuwa nimempoteza. Nikamtafuta kwa macho kwenye kuta, katikati ya wakubwa, na huku namtafuta, nikaona shangazi amesimama. Ameweka kisu kwenye tairi. Anakuja.

Anakuja na mikono yake wazi, na miguu yake wazi, na ameshika ukingo wa chandarua.

"Shangazi, usiingie!"

Sikujua kwamba naweza kutoa sauti ile. Hata wao hawakujua. Fundi pancha aliangusha spana. Mbwa aliyekuwa amelala chini ya benchi aliinuka, akanitazama, akahama.

Watu wote walikuwa wameielewa sauti ile vilevile. Mtu anayekaa na mbu wasiouma amemkataza shangazi yake asiwakaribie.

"Basi," Mwenyekiti akasema, akijifuta vumbi. "Nadhani tumejionea."

"Nisiingie kwa nini?" shangazi akauliza.

Nikafungua mdomo. Ile sauti ilikuwa imeshaondoka.

"Kwani si hawaumi? Si ndiyo kazi yako hiyo? Nisiingie kwa nini?"

Kuna watu ukiwaambia njoo, watafikiri kwanza. Shangazi ukimwambia usije, umeshampa nauli. Aliinua chandarua, akainama, akaingia, akasimama mbele yangu, viganja viko tayari kama anayetaka kupiga makofi.

"Yuko wapi?" akauliza.

"Nani?"

"Usiniulize nani. Nimeishi na wewe, na nimeishi na mbu. Yuko wapi?"

Mbu wakubwa walikuwa wameshaanza kutua juu yake. Mmoja alimkalia begani, mmoja kwenye kitambaa cha kichwa, wawili mkononi. Alikuwa anawapangusa tu kama majani. "Ondokeni hapa. Sina shida na ninyi." Wakaondoka, wakarudi. Macho yake hayakuwa kwao kabisa. Alikuwa ameinamisha kichwa akinikagua toka shingoni, mikononi, magotini, jinsi alivyokuwa akinikagua zamani nilipotoka kucheza kwenye majani.

Kisha akatulia. Akasema kwa sauti ndogo, "Usitikisike."

Akanipiga kibao cha bega ambacho kilisikika mpaka barabara kubwa.

Akafungua kiganja. Akakitazama. Akageuka, akakibandika kwenye ukuta wa chandarua ili walio nje waone: doa la damu yangu, na katikati yake kitu kidogo cheusi, miguu imetawanyika, pete nyeupe.

"Mnamjua huyu?" akauliza.

Watu wakasogea. Fundi pancha alikuwa wa kwanza. Akainama, akaweka pua karibu kugusa.

"Huyu ni wa kwetu," akasema.

"Ni wa kwetu, naam. Namjua huyu kuliko ninavyomjua mume niliyekuwa naye. Huyu ndiye aliyenilaza kitandani mwaka jana. Sasa, wenzangu, nihesabieni, hawa wengine wako wangapi juu yangu?"

Hakuna aliyeweza kuwahesabu. Mmoja alikuwa amekaa kwenye sikio lake kama hereni.

"Wamenifanya nini?"

"Hatujui," Mwenyekiti akasema. "Wewe ndiye uliyeko huko."

Shangazi akajikagua mkono mmoja, akajikagua wa pili. Alionekana kama mtu aliyekwenda kugombana na jirani akamkuta amelala. "Hawajafanya kitu," akasema. "Hawa ni wavivu."

Mwenyekiti hakuwa mtu wa kuruka haraka. Akamgeukia Mtaalamu. "Huyo mdogo aliingiaje? Ni wenu au ni wetu?"

Mtaalamu akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Niliona maelezo marefu yanamjia, na niliona anayarudisha. "Sijui," akasema. "Kama ni wetu, ni kosa letu la kutokagua vikombe, na hana ugonjwa. Kama ni wa mtaani, aliingia nilipofungua. Siwezi kuwaambia ni yupi."

"Na wewe, binti." Mwenyekiti sasa alikuwa ananitazama mimi, na nyuma yake mtaa wote. "Ulimkataza shangazi yako kwa nguvu. Ulikuwa unajua nini?"

Nilitamani kiti kinimeze, lakini ni cha plastiki. Nikatazama magoti yangu. Nikaona nikiyaambia magoti, huenda na wao watasikia.

"Wakubwa hawaumi," nikayaambia magoti. "Nilimwona mdogo. Daktari alisema akiumwa tena anaweza kufa. Mimi sijali kuumwa. Nilikuwa nakaa ili mkubali, ili wawekwe kwenye matairi yake, kwa sababu yeye hataki kuyaondoa na mimi siwezi kumwambia. Kisha akaja yeye mwenyewe."

Yalikuwa maneno mengi kuliko yote niliyowahi kusema mfululizo. Hakuna aliyecheka. Nilipoinua macho, shangazi alikuwa ananitazama kama alivyonitazama siku nilipomwambia tunafuga mbu.

"Haya, funga mdomo," akasema. "Mbu watakuingia."

Kisha akatoa mkono nje ya chandarua, akaamuru, "Nipeni tairi."

Wakamsukumia moja. Akaliweka karibu na kiti changu, akakaa. Akaomba kisu chake na soli, wakampa. Akaendelea kuchonga. Mtaalamu akamwambia kwa upole kwamba maonyesho yamekwisha, anaweza kutoka.

"Wewe maonyesho yako yamekwisha. Yangu ndiyo yanaanza. Mimi siyo wa kuambiwa hawaumi. Nitakaa nione."

Akakaa. Mwenyekiti akauliza watu wanasemaje, na wale waliokuwa karibu wakasema kama mama viatu amekaa humo na bado analalamika mambo mengine, basi kweli hawaumi, maana angeumwa kidogo tu tungekuwa tumeshajua sote. Hiyo ndiyo hoja iliyopitisha mradi. Mtaalamu aliiandika kwa maneno yake. Watu wakaondoka mmoja mmoja, kila mtu na tairi lake. Fundi pancha akarudi kwenye mpira wa baiskeli. Sisi tuliendelea kukaa, yeye anachonga, mimi najikuna, kwa kuwa sasa ilikuwa ruhusa.

"Kwa nini hukuniambia kuhusu matairi?" akauliza baada ya muda.

"Nilikuambia ni mengi."

Akapuliza vumbi la mpira kwenye soli. "Kweli uliniambia," akasema.

Tulipotoka, jua lilikuwa limeshuka nyuma ya banda. Alijikagua tena, mpaka nyuma ya magoti, akanitaka nimwangalie na mgongoni. Hakuwa na alama hata moja. Mimi nilikuwa na tatu.

Siku zilizofuata nilimgusa paji la uso kila asubuhi. Nilitafuta visingizio. Nilimwambia ana uzi kwenye nyusi, nikamwambia ana vumbi, nikamwambia kitambaa kimeteleza. Alikubali kila kisingizio bila kuuliza. Na kila jioni yeye naye alinigusa mimi, ila hakutafuta kisingizio. Alinibandika kiganja usoni kama anayepima tairi, akasema "Bado," akaenda zake. Wiki mbili zilipotimia, na muda wa homa kuanza umepita, hakusema "Bado." Alisema "Haya," na hakunigusa tena. Mpaka leo hatujui yule mdogo alikuwa wa nani.

Viluwiluwi waliwekwa kabla ya mvua. Mtaalamu alituma vijana wawili waje na vikombe uani kwetu, shangazi akawarudishia mlangoni. Alisema hakuna mtu wa kupanda mlima wake. Alivipandisha mwenyewe, kikombe kimoja kimoja, akimwaga kila mmoja kwenye tairi lake na kumpa maagizo. "Wewe hapa. Usihame. Kula." Sasa asubuhi kabla ya kuchukua kisu anazunguka na tochi, anamulika ndani ya matairi, ananiletea taarifa nikiwa napiga mswaki. Yule wa tairi la trekta kanenepa. Yule wa pembeni simwoni. Hapa kuna wadogo wawili, huyu amelala kazini. Ameanza kuwafukuza watu wanaotaka kununua matairi ya juu, anasema hayo yana wapangaji.

Kituoni, Mtaalamu aliniita ofisini. Alisema watu wa mtaa unaofuata ni wagumu zaidi, wana maswali mengi, na yeye anafikiri kwamba ndani ya chandarua panahitajika mtu wa pili. Mtu wa kujibu.

Kwa hiyo sasa kuna viti viwili. Shangazi anaongea, mimi nakaa. Akiwa ndani, anabishana na watu walioko nje mpaka wanachoka, na mpaka sasa hakuna mbu aliyethubutu kumwingia mdomoni. Mvua zimekuja na zimeondoka. Homa hajapata. Analalamika mgongo tu, na amemwandikisha Mtaalamu mbele ya watu kwamba ni kwa sababu ya kile kiti.

Ameomba aruhusiwe kuja na tairi lake.